Dodoso peke yake linatosha kupima mtindo wa kufikiri?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili na nafanya utafiti kuhusu maafisa mikopo. Nataka kujua kama wanaoamua kwa uchambuzi wanatofautiana na wanaoamua kwa hisia pale wanapopitisha au kukataa mkopo. Nimetafsiri dodoso la CSI (Cognitive Style Index), la kupima mtindo wa kufikiri, na maafisa 60 wako tayari kulijaza. Msimamizi wangu anasema haitoshi. Tatizo liko wapi?

Jibu: Marahaba. Swali lako ni zuri, na nafurahi umelichagua. Chombo ndicho hakilitoshi.

CSI, iliyotolewa na Allinson na Hayes mwaka 1996, ina sentensi 38 zinazojibiwa kweli, sina hakika au si kweli. Alama ni 0 hadi 76: ukiwa juu unahesabiwa wa uchambuzi, ukiwa chini wa hisia. Yaani ukipanda huku, unashuka kule. Hodgkinson na Sadler-Smith walilipinga hilo mwaka 2003: data ilikaa vizuri zaidi kwenye mizani mbili kuliko moja. Kwa kazi ya mikopo, hili ni zito. Afisa mkongwe anaweza kupiga hesabu kwa makini na papo hapo akamsoma mteja usoni. Mwingine hana hili wala lile. Wote wawili CSI inaweza kuwapa alama 38, katikati kabisa. Ningekushauri utumie dodoso la REI (Rational-Experiential Inventory) la Pacini na Epstein (1999), lenye sentensi 40, linalopima kila upande kivyake.

Tafsiri nayo ina mtego. Ukiandika "nafuata hisia zangu", mmoja ataelewa huruma, mwingine hasira. Ukiandika "machale", umeingia kwenye kunusa hatari tu. Kaa na maafisa watano nje ya wale 60, mmoja mmoja. Kila mmoja asome sentensi kwa sauti, akueleze ameelewa nini, akupe mfano wa kazini. Kwangu mimi mazungumzo hayo yanazidi thamani alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha majibu ya sentensi yanaendana kiasi gani), maana alfa inaweza kupanda hata kama wote wameelewa vibaya kwa namna ileile.

Halafu dodoso ni mtu kujisemea, na afisa anajua mwajiri angependa asikike mchambuzi. Kwa hiyo andaa mafaili 10 ya waombaji wa kubuni, yaleyale kwa kila afisa, umwombe afikiri kwa sauti huku ukirekodi. Ameanzia wapi: taarifa ya benki, barua ya mdhamini au picha ya duka? Amerudi nyuma mara ngapi? Utamwona anayesema "huyu hapana" kwenye ukurasa wa kwanza, kisha akaanza kutafuta sababu. Hapo mtindo unauona kwa macho.

Wengine watakuelekeza kwenye jaribio la Witkin la kutafuta umbo lililofichwa ndani ya mchoro. Mimi nisingelitumia hapa. Anayeshindwa kuliona umbo anapata alama ndogo, basi. Huo ni uwezo, si mtindo.

Mwisho, hesabu. Utakuwa na maamuzi 600, lakini watu ni walewale 60, kwa hiyo tumia modeli ya ngazi mbili, uamuzi ndani ya afisa, inayozingatia kwamba maamuzi ya afisa mmoja yanafanana. Uchambuzi wa faktari (kutafuta kwa takwimu sentensi zipi zinakwenda pamoja) uache: kwa sentensi 40, watu 60 ni wachache mno.