Uliza Mzee wa Kona: Kwani ndondi zetu za kulipwa zilienda wapi?

SWALI: Mzee wa Kona habari yako. Mimi ni kijana wa Kariobangi, marehemu babu alikuwa akituambia vile watu walikuwa wanajaa ukumbini kuangalia ndondi mpaka wengine wanachungulia dirishani, lakini leo ukiniambia nitaje mabondia watano wa kulipwa wa Kenya nashindwa, wa Tanzania nakutajia kumi bila kupumua. Ni hii mpira ya Uingereza ndio ilituharibu?

JIBU: Kijana wangu, mpira usiusingizie. Watanzania nao wanaangalia hiyo hiyo Arsenal, tena wako na Simba na Yanga juu yake, na bado kumbi za ngumi zinajaa.

Kwanza nikurekebishe kidogo. Wengi wa hao babu yako alikuwa akiwasifu walikuwa wa ridhaa, yaani wale hawapiganii malipo. Philip Waruinge wa Nakuru alileta shaba kutoka Mexico 1968 pamoja na kombe la bondia fundi kuliko wote kwa hiyo Olimpiki, halafu fedha Munich 1972. Steve Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa 1978. Robert Wangila akachukua dhahabu Seoul 1988 na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine amepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Sasa angalia walienda wapi kutafuta pesa: Waruinge Japani, Muchoki Ulaya ambako 1982 alipigania mkanda wa dunia akapigwa na Santos Laciar wa Argentina, na Wangila Marekani, na ndiko alifia, Las Vegas 1994, baada ya pigano. Kwa hivyo ndondi za kulipwa hapa nyumbani hazikuwahi kusimama vizuri hata tuseme zimeanguka, zilikuwa zinaegemea jina la ridhaa, na hilo jina lilipofifia nazo zikakaa chini.

Halafu kuna hesabu ya tumbo. Kijana akianza kung'aa anachukuliwa na polisi, jeshi ama magereza, mshahara uko, pensheni iko. Promota anakuja anamwambia aache hiyo kazi apigane raundi sita na pesa atapewa wakimaliza kuhesabu ya mlangoni, wewe ungekubali? Mimi nimewahi kukaa na bondia nje ya ukumbi saa saba usiku, jicho limevimba kama limao, tunangoja promota na kumbe alishatokea mlango wa nyuma, tukarudi na matatu ya mwisho na nauli nikalipa mimi. Wanaobaki kwa hii kazi wanapigana mara moja mbili kwa mwaka, ama wanapigiwa simu ghafla waende nje wakapigwe tu, bondia wa huko ajengewe rekodi ya ushindi. Shabiki atampenda aje mtu hamuoni?

Bondia wetu wa kike, Fatuma Zarika, alituonyesha inawezekana. Alishinda mkanda wa dunia wa WBC, yaani Baraza la Ndondi la Dunia, 2016, Machi 2019 akautetea hapa Nairobi ukumbini KICC na watu wakaja. Usiku huo huo alipanda pia Hassan Mwakinyo wa Tanga, yule aliyemzima Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham 2018. Tofauti ni hii, Mwakinyo alirudi kwao akakuta televisheni inaonyesha mapigano na kila mtaa uko na mtu wake, Twaha Kiduku wa Morogoro akikutana na Dulla Mbabe watu wanabishana kwa vijiwe siku kadhaa kabla ya kengele. Zarika naye alipigwa mkanda ukaenda Mexico mwaka huo huo, na sisi hatukuwa tumeandaa bondia mwingine ambaye watu wangenunua tikiti kumuona.

SWALI: Mzee, Mandonga ni bondia au mchekeshaji? Msomaji, Tanga.

JIBU: Vyote, na mimi sioni aibu kumsifu. Januari 2023 huyo Mtanzania alikuja Nairobi na ngumi yake aliyoibatiza Sugunyo akamshinda Mkenya Daniel Wanyonyi, na watu ambao hawajui hata raundi ni dakika ngapi walikuwa wanaongea ndondi kwa matatu. Julai wakarudiana Wanyonyi akalipiza. Ufundi wake ni wa kawaida, mdomo ni wa bingwa, na promota wetu wakae chini wamsome huyo jamaa.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 19 anataka kuingia za kulipwa, nimzuie? Mama, Nakuru.

JIBU: Mama, kumzuia hutaweza, mcheleweshe tu. Apigane ridhaa kwanza miaka kadhaa, ajaribu hizo timu za polisi na jeshi, hata Waruinge alipitia ridhaa. Akiingia za kulipwa asipande ulingoni bila mkataba wa maandishi na sehemu ya pesa mkononi kabla ya kupima uzito. Apimwe kichwa na macho hospitali, si ile ya kuulizwa tu "uko sawa?" Na akizimwa, hata akikuambia anasikia poa, akae miezi asipigwe tena, ukisikia ameitwa kupigana wiki tatu baadaye mfungie viatu kwa kabati.