Jibu: Kijana kakamatwa mwaloni Kirumba, Mwanza, atafungwa?

Pole sana ndugu. Umeuliza kama mtoto wa dada yako, miaka 15, aliyekutwa na nyavu za watu atafungwa, na nani atagharamia. Hafungwi: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kifungo kwa aliye chini ya miaka 18. Wahini na cheti cha kuzaliwa, umri usije ukabishaniwa. Halafu mtafuteni afisa ustawi wa jamii, maana ripoti yake kuhusu nyumbani na shuleni ina uzito mkubwa. Anaweza kuachiwa kwa masharti, au kupelekwa shule ya maadilisho (ya kurekebisha tabia za watoto waliokosea sheria) Irambo, Mbeya, kwa gharama ya serikali. Mbeya! Mama yake atamtembelea lini? Kwangu mimi, fedha hiyo ingeongeza maafisa ustawi hapa hapa Mwanza.