Umeniuliza tairi za daladala nilizitoa wapi

Tangu nipandishe picha za ile Hiace yangu ya skeli ya 1:24, yaani kigari cha plastiki kidogo mara 24 kuliko gari ya kweli, ile nyeupe yenye mstari wa bluu ubavuni, swali linalojirudia ni moja. La juzi liliingia saa tano usiku: "Kaka, gari kali sana. Naomba tu uniambie rimu na tairi umenunua wapi, maana zangu zinanitia aibu." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Zangu nazo ziliwahi kunitia aibu, tena mbele ya mtu niliyemtengenezea gari yenyewe.

Jibu fupi: sikuzinunua. Jibu refu ndilo hili, na najua utalimaliza, kwa sababu mtu anayekesha akitafuta rimu ya milimita 16 hana haraka ya kulala.

Gari niliijenga kwa ajili ya anko wangu, mdogo wake mama. Kwa miaka mingi aliendesha Hiace kati ya kituo cha Kilombero, pale Arusha, na Usa River, mpaka goti lilipomshusha kwenye usukani. Nikaona nimpe zawadi ya kuweka sebuleni: Hiace kama ile aliyoiacha, pamoja na maandishi yake ya nyuma. Seti ya plastiki niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, ya Aoshima, kampuni ya Kijapani ya vigari vya kuunga, boksi limeshafunguliwa. Kwa anayejenga daladala, seti za Kijapani zina baraka moja: usukani uko kulia kama wetu, huna haja ya kuhamisha dashibodi. Shida ni kwamba hii ilikuwa toleo la mapambo. Gari imelazwa chini, rimu kubwa kama sahani, tairi nyembamba kama utepe.

Bodi, rangi na viti naviruka, si ulichoniuliza.

Niliingia mtandaoni nikatafuta rimu za chuma za kawaida. Nikaziona, pamoja na tairi zake, picha imejaa skrini nzima. Nikalipa siku hiyohiyo. Baada ya wiki 7 kikaja kibahasha chepesi hadi nikadhani ni tupu. Ndani mlikuwa na magurudumu, kila moja lina kipenyo cha milimita 11. Nilichukua shati nikalinganisha na kifungo: sawasawa. Zilikuwa za skeli ya 1:64, ile ya vigari vya mfukoni. Na ilikuwa imeandikwa, chini kabisa ya tangazo, mimi nilikuwa nimeangalia picha tu. Nilimwandikia muuzaji. Akanijibu kwa kile kikaragosi cha mikono miwili iliyokutanishwa, basi. Mpaka leo.

Mara ya pili nikajifanya mjanja. Soko la rimu za 1:24 ni kubwa kuliko unavyodhani, ila linawapenda wenye magari ya mbio. Aoshima na Fujimi, wote wa Shizuoka, Japani, wanauza pakiti za rimu na tairi peke yake: nakala za rimu maarufu za Watanabe, za Work, za Volk TE37. Pegasus wa Marekani wana zile za kung'aa zinazopendwa na wenye magari ya kulazwa. Hobby Design wa China wanatoa za resini (plastiki ya maji inayogandishwa), zinakuja na diski za breki za bati jembamba unazounganisha mwenyewe kwa kibano huku umeshika pumzi. Ukijenga Skyline au Supra, utachagua mpaka uchoke. Ukijenga daladala, unaambulia patupu. Nikachukua zilizokaribia: rimu za kung'aa zenye matundu, inchi 16 kwa skeli, tairi zake zimenona kidogo.

Mng'aro niliutoa kwa Jik. Hili lichukue, ni la bure: mimina Jik kwenye kikombe ambacho hutakinywea chai tena, tumbukiza rimu, baada ya muda kile king'aro kinapotea kama hakijawahi kuwepo. Dirisha liwe wazi, na usichanganye na dawa nyingine yoyote. Nikapiga praima, nikapiga rangi ya fedha iliyofifia, nikajiambia nimemaliza kazi.

Jumapili nikampelekea anko Tengeru. Shikamoo, marahaba, gari ikawekwa juu ya meza. Mtu mwingine angeanza na maandishi au vioo. Yeye aliinyanyua, akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akailaza ubavu. Kisha akaweka ukucha wa kidole kidogo juu ya rimu ya nyuma, ukawa unatembea taratibu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

Kimya.

"Anko, Hiace ina nati sita," akaniambia.

Akaizungusha tena, akaangalia tairi, akairudisha mezani kwa upole ambao ulinichoma kuliko angeitupa. "Hii ni gari ya harusi. Asante lakini."

Mke wake akacheka tokea jikoni. Nilirudi na gari kwenye mfuko wa rambo, maana nilikataa kuiacha. Daladala niliyopanda kurudi mjini ilikuwa Hiace. Niliposhuka niliinama kuhesabu. Sita.

Nawaambia hivi kwa sababu naona vijana wengi kwenye makundi yetu wanaulizana "link" asubuhi mpaka jioni. Link haikusaidii kama hujui unatafuta nini. Mimi niliishi na Hiace tangu niko darasa la 3, nimezisukuma, nimezipanda nikiwa nimening'inia mlangoni, na sikuwahi kuhesabu nati. Tunanunua kwa macho.

Kesho yake nilikwenda Kilombero na rula, daftari na simu. Konda mmoja akaniuliza kama nimetumwa na bima. Dereva wake alidhani ni askari kanzu na akaanza kunieleza habari za leseni yake bila kuulizwa. Nilipowaambia natengeneza kigari, wote wawili walinionea huruma, lakini waliniacha nipime. Ubavu wa tairi ulikuwa umeandikwa 195/80R15, na hapo ndipo dawa yote ilipo.

195 ni upana wa tairi kwa milimita. 80 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya huo upana, yaani milimita 156. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 381. Ubavu uko juu na uko chini, kwa hiyo 156 mara 2, jumlisha 381, inakuja 693. Gawa kwa 24. Tairi yangu ilitakiwa iwe na kipenyo cha milimita 28.9, upana 8.1, rimu 15.9. Nikapima zile za harusi: 25.6. Unaweza kusema milimita 3 ni kitu gani, lakini zizidishe kwa 24, kwenye gari ya kweli ni kama sentimita 8. Ndiyo maana anko aliona kitu kabla hajahesabu nati. Hiace nyingine utakuta imeandikwa 195R15C bila namba ya katikati. Hiyo nayo ihesabu kwa 80, utakuwa karibu sana. Na ukinunua vitu vya kampuni za Marekani kama AMT, angalia kama ni 1:25. Tairi hiyohiyo kwa 1:25 inashuka mpaka 27.7, na jicho linaona.

Pima kwanza. Nitalirudia hili mpaka mnichukie.

Nati nazo nilizipima. Kila fundi wa gereji anajua nati za Hiace ni spana ya 21. Gawa kwa 24, unapata milimita 0.9. Yaani nati sita, kila moja ndogo kuliko punje ya ulezi, na zote zionekane ni nati.

Kabla sijafika huko nilipitia upumbavu mmoja zaidi. Dukani kwa vipuri niliona mpira wa kupitisha maji ya hita, tundu lake milimita 16. Nikanunua nusu mita, nikaukata vipande vya milimita 8 kwa wembe, vikaingia kwenye rimu kama vimezaliwa pamoja. Nikapiga kelele peke yangu chumbani. Halafu nikafunga kwenye gari. Kipenyo cha nje kilikuwa 24. Hiace ilionekana kama imesimama kwenye magurudumu ya toroli. Unaona? Nilipima tundu, sikupima nje.

Basi nikaamua kuchora mwenyewe kwenye kompyuta, kisha nichapishe kwa mashine ya 3D. Programu ya bure, kompyuta ya kuazima, usiku 4. Rimu ya chuma ni rahisi kuchora kuliko unavyoogopa: sahani iliyobonyea, matundu ya kuzungukia, nati sita. Mchapaji wa kwanza niliyempata ana mashine ya kuchapa kwa uzi wa plastiki. Mdomo wa mashine yake ni milimita 0.4, nati zangu zikatoka kama chunusi. Hakuna kosa lake, mashine hizo si za kazi hiyo. Wa pili ana mashine ya resini, anachapa mifano ya meno kwa ajili ya madaktari. Alinitazama, akatazama mchoro, akasema, "Kama naweza jino, naweza nati." Rimu 4 na tairi 4, elfu 20. Nilizipokea kwenye kiganja nikahesabu kabla sijasalimia. Sita, kila moja na pembe zake.

Tairi za resini ni ngumu, hazibonyei, hivyo nilikwangua kidogo sehemu inayogusa chini ili ionekane gari ina uzito. Na tafadhali, tairi si nyeusi. Toka nje uangalie tairi yoyote iliyotembea: ni kijivu, pembeni ina vumbi. Mimi nilichekecha vumbi lenyewe la kituoni kwa soksi ya nailoni nikalipaka kwa brashi kavu.

Kuna upande mmoja nilikosea. Uchapaji wa resini unaacha vishina vya kushikilia, na kwenye tairi ya mbele kushoto, upande wa ndani, nilivikwangua kwa msasa nikiwa nasikiliza mpira redioni. Nikazidisha, ukingo ukaliwa. Sikuwa na hela ya kuchapa nyingine, nikaigeuzia ndani nikasema hataona mtu.

Jambo jingine dogo kwa wanaonunua seti za mitumba: tairi laini za plastiki zitoe kwenye boksi uziweke kwenye mfuko wake. Mafuta yanayozilainisha hula plastiki ngumu taratibu. Yangu ilikuwa imelalia taa ya mbele miaka sijui mingapi, taa ikatoka na jeraha kama imechomwa kwa sigara. Taa mpya nililazimika kuiunda kwa kifuniko cha dawa.

Tengeru nikarudi baada ya miezi 3. Safari hii sikusema kitu. Nikaweka gari mezani, nikaomba maji, nikakaa mbali. Miwani. Dirishani. Ubavu. Ukucha ukaanza kutembea, na mimi nahesabu naye kimoyomoyo. Alipofika sita alitulia hapohapo, akafanya na rimu ya pili, na ya tatu. Kisha akaiweka chini akaisukuma kwa kidole, mbele, nyuma. Akainama usawa wa meza, jicho moja limefumba.

"Anko," akaniita.

"Naam."

"Hii ya mbele kushoto inaliwa kwa ndani. Ipeleke alaimenti."

Akaichukua mwenyewe akaipandisha juu ya kabati la vyombo, uso umeangalia mlango, kama gari inayosubiri zamu. Habari za msasa na redio sikumwambia.

Mchoro wa rimu nitamtumia kila anayejenga Hiace, bure. Na zile za nati tano bado ninazo, hazina mkwaruzo. Kama kuna anayejenga gari ya harusi, anitafute.