Maswali ya Wasomaji: Tiba ya Kulipia kwa Asiye na Kitu

SWALI: Mhariri, mara nyingi nasoma kwamba katika nchi za kipato cha chini wagonjwa wengi maskini tayari hutibiwa na watu binafsi, na kwa hiyo serikali zingefanya vyema kuwaachia kazi hiyo na kubaki wasimamizi tu. Je, hoja hii ina mashiko?

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu yake ya kwanza ni kweli, lakini kabla ya kufika kwenye hiyo "kwa hiyo" inatupasa kuuliza hao watu binafsi ni akina nani. Anayesikia maneno "sekta binafsi" huiona hospitali ya ghorofa, ilhali kwa maskini mara nyingi ni kaunta ya duka la dawa. Mama amefika jioni akiwa na mtoto mwenye homa, zahanati ya serikali imeshafungwa, na muuzaji, ambaye huenda hakusomea ufamasia, anamuuliza ana kiasi gani, kisha anachukua mkasi na kumkatia vidonge vya siku mbili kutoka kwenye dozi ya siku tano. Mtoto hakupimwa, na dozi haitakamilika, jambo linalovipa vijidudu nafasi ya kujenga usugu. Hata hivyo takwimu zitamhesabu kuwa ametibiwa na sekta binafsi.

Hata hivyo, mama huyo si mjinga. Duka li karibu, liko wazi, na pengine mwenye duka humkopesha. Mapitio ya tafiti nyingi kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, yaliyochapishwa mwaka 2012, hayakupata ushahidi wa kuunga mkono dai kwamba watoa huduma binafsi kwa kawaida wana ufanisi au tiba bora kuliko wa serikali, lakini yaliona kwamba huduma za serikali zilikuwa nyuma katika kumhudumia mgonjwa kwa wakati na kumpokea kwa heshima.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulifanyika katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India na kuchapishwa mwaka 2016. Watafiti waliwafundisha watu kujifanya wagonjwa, wakawatuma kwa daktari yuleyule mahali pawili: kituo cha serikali anakoajiriwa na kliniki yake mwenyewe. Kwenye kliniki yake alijitahidi zaidi kumchunguza mgonjwa, na alielekea zaidi kutoa tiba sahihi. Wengine wameyachukua matokeo hayo kuwa sifa kwa sekta binafsi. Mimi nayaona zaidi kuwa shitaka dhidi ya ajira ya umma isiyomwajibisha mtu, kwa sababu ujuzi wa daktari haukubadilika njiani. Tena dawa zisizohitajika ziliandikwa kwa wingi kote kuwili.

SWALI: Basi serikali au wafadhili wakimlipia mgonjwa, si tatizo litakuwa limekwisha?

JIBU: Inategemea wanalipia nini. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamia mpango wa majaribio, katika nchi zikiwamo Ghana, Kenya, Nigeria na Tanzania, wa kufidia sehemu kubwa ya bei ya dawa mseto ya malaria tangu kiwandani, ili hata maduka ya watu binafsi yaiuze kwa bei nafuu. Pakiti zake zilikuwa na alama ya jani la kijani. Katika nchi nyingi za majaribio dawa ilipatikana zaidi na bei yake ikashuka, lakini kushusha bei hakukumhakikishia muuzaji wala mnunuzi kwamba homa ile ilikuwa malaria kweli.

Kununua huduma nzima ya hospitali ni kugumu zaidi. Lesotho iliingia mkataba wa miaka 18 na muungano wa kampuni binafsi kujenga na kuendesha hospitali mpya mjini Maseru, iliyofunguliwa mwaka 2011. Wagonjwa walihudumiwa vizuri kuliko katika hospitali kuukuu iliyokuwapo kabla yake, na vifo vikapungua. Gharama nazo zikapanda: mwaka 2014 shirika la misaada la Oxfam lilidai kwamba hospitali hiyo moja ilikuwa ikimeza asilimia 51 ya bajeti ya afya, hesabu ambayo Benki ya Dunia iliipinga. Hata tukiichukua kwa tahadhari, malipo yaliyofungwa kwa mkataba hayapunguziki bajeti inapobana, kwa hiyo zinazopunguziwa ni zahanati za milimani. Mwaka 2021 serikali iliuvunja mkataba huo.