Kitabu cha Mikoko Kisomwe Mikokoni

Siku ya kwanza niliyopeleka maktaba yetu kijijini, nilipanga vitabu 140 juu ya madawati ya darasa moja huku kusini mwa pwani, Kwale. Vyote vilihusu wanyama, miti, ndege na bahari, na vingi vilitoka kwenye maboksi ya msaada kutoka ng'ambo. Watoto waliingia kwa mstari, wakakaa, wakafungua. Ndani mlikuwa na dubu, na paa wa nchi za theluji, na miti inayopukutisha majani baridi ikiingia. Baada ya nusu saa walivifunga kwa adabu, wakavirudisha walivyovikuta, wakasema ahsante mwalimu. Hakuna aliyeuliza swali.

Nilirudi nyumbani na uchungu, maana nje ya dirisha la darasa lile palikuwa na mikoko imejaa kaa na midiria, na katika vitabu vile vyote 140 hapakuwa na ukurasa uliotaja mchu wala mkandaa, ambayo ni aina za mikoko hiyo hiyo.

Kwa hiyo kila anayeniuliza jinsi ya kuanzisha maktaba ya kuzunguka ya vitabu vya viumbe, namwambia achague mahali kwanza. Asimame pale anapotaka kutandika jamvi, aangalie kilichoota na kinachotambaa karibu naye, kisha ndipo aende kutafuta vitabu. Mimi leo nina vitabu 58 tu, katika masanduku mawili ya bati kama yale ya wanafunzi wa bweni. Yanaenea nyuma ya tuktuk pamoja na jamvi, turubai na kamba. Vitabu 58 vinasomwa kuliko vilivyowahi kusomwa vile 140, kwa sababu kila kimoja kina kitu ambacho msomaji anaweza kuinuka akakigusa.

Nitoe mfano wa mikoko, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Kenya ina aina 9 za mikoko, na Ghuba ya Gazi ni mahali pazuri pa kuzijua. Tukifika huko tunatandika kivulini pembeni ya tope, na sifungui sanduku mara moja. Kwanza watoto wanachuma jani la mchu na kulilamba. Wanakunja uso, wanacheka, wanalambishana. Lina chumvi! Mwingine anakimbilia mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, analamba jani lake, na halina chumvi ile. Hapo swali linatoka lenyewe: mbona miti miwili inakunywa maji yale yale ya bahari na mmoja tu ndio wenye chumvi kwenye majani? Ndipo nafungua sanduku. Ukurasa unaoeleza kwamba mkoko huizuia chumvi mizizini, na kwamba mchu huipokea kisha ukaitoa jasho kupitia majani, unasomwa na vichwa sita vimegongana juu yake. Ukurasa huohuo ukiusoma darasani, mtoto anaukariri kwa ajili ya mtihani.

Mkomafi, aina nyingine ya mikoko, nao una kazi yake. Tunda lake ni duara kubwa, na likikauka linapasuka vipande vyenye pembepembe. Mpe mtoto vipande hivyo umwambie avirudishe viwe duara tena. Atahangaika, na akiwa anahangaika wenzake watakuwa wanatafuta picha kitabuni ili wamsaidie. Sijawahi kumwambia mtoto asome ukurasa wa mkomafi. Wanaufuata wenyewe.

Gazi pia ina jambo ambalo wageni hulistaajabia na wenyeji wamelizoea. Tangu 2013, watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa (kaboni) inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, yaani wanalipwa kwa kuilinda mikoko hiyo, na sehemu ya fedha hizo imeleta maji na vitabu vya shule. Nikimwonyesha mtoto mchoro wa tope na mizizi, nikamwambia kaboni inalala humu chini, hasikilizi habari ya mbali. Anajua bomba analochotea maji.

Sasa niseme juu ya majina, maana hapa ndipo nimejifunza zaidi, na ndipo maktaba nyingi za namna hii hupotea njia.

Vitabu vizuri vya viumbe vya kanda yetu viko kwa Kiingereza. Ukisubiri vya Kiswahili vitoshe, utasubiri sana. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasimama natafsiri kwa mdomo, nachoka, na watoto wanachoka. Kisha siku moja mzee mmoja mvuvi alikuja kuketi jamvini akingoja maji. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akavuta kitabu cha samaki. Hakujua kusoma maandishi. Akaanza kufungua kurasa na kutaja: tewa, changu, kolekole, pono, nguru, mkizi. Alipofika kwenye kurasa za tafi, ambako mtu fulani alikuwa ameandika majina ya Kiswahili kwa kalamu, alisimama. Kitabu kilikuwa kimewaita samaki wawili tafi. Aliweka kidole kwa mmoja akaniambia, "Mwanangu, huyu si tafi, ana jina lake." Akaeleza anapokaa, anapotegwa, ladha ya nyama yake, na jinsi mwiba wake unavyouma. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Tangu siku ile kila kitabu changu kina vikaratasi vilivyobandikwa kando ya picha: jina la Kiswahili, jina la Kidigo, na mara nyingine sentensi moja kuhusu mnyama huyo au mti huo anavyotumika hapa. Anayetoa jina ndiye anayeliandika, au mtoto anamwandikia. Vijiji viwili vikitofautiana, tunaweka majina yote mawili na kutaja vijiji. Nakushauri ulifanye hili tangu siku ya kwanza, na utumie penseli au wino usiotoka ukiloa. Mimi nilipoteza kurasa nyingi za vikaratasi kwa sababu ya mvua moja na kalamu ya bei rahisi, na baadhi ya wazee waliotoa majina yale sikuwakuta tena.

Vikaratasi hivyo husahihisha vitabu pia. Nina kitabu cha zamani cha bahari kinachosema silikanti amepatikana Afrika Kusini mwaka 1938 na Komoro mwaka 1952, basi. Tumebandika chini yake: Malindi 2001, na baadaye Tanga. Mtoto wa Vanga, ambaye Tanga kwake ni jirani, akisoma hapo anaelewa kwamba samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria anaishi kwenye maji ambayo ndugu zake wanavua. Nimewaona wakiutafuta ukurasa huo kila tukirudi.

Kuna kurasa nyingine za kusahihisha ambazo ni za hatari, na naomba usizipuuze. Vitabu vya nyoka ndivyo vinavyogombaniwa kuliko vyote. Koboko, swila, moma, chatu: watu wazima hasa huvishika kwa muda mrefu, na kina mama huja kuuliza juu ya nyoka waliyemwona kwenye kuni. Ni jambo jema, maana nyoka wengi wanaouawa hawana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini vitabu vya zamani vingi vinafundisha kupasua jeraha kwa wembe, kunyonya sumu, au kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha. Hayo yanaua na yanaozesha viungo. Kabla sijakubali kitabu chochote cha nyoka naenda moja kwa moja kwenye sehemu ya huduma ya kwanza, na nikiyakuta hayo nayafunika yote kwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: mtulize, asitembee, usiache kiungo kilichoumwa kichezecheze, mkimbizeni hospitali. Kitabu kikiwa mikononi mwa watu kina mamlaka. Ukikileta wewe, umekithibitisha wewe.

Juu ya bundi na kinyonga, nenda polepole. Bibi akiona picha ya bundi akisema kifunge hicho, wewe kifunge. Siku nyingine atauliza mwenyewe bundi anakula nini, na utamwonyesha panya. Mimi imenichukua ziara nne kwa bibi mmoja, na sikuzijutia.

Ratiba. Wengi huipanga kwa kalenda ya ofisini, wakafika hakuna mtu. Kwetu panga kwa mwezi na maji. Siku za bamvua bahari inatoka mbali asubuhi, na kina mama na watoto wako miambani wanatafuta pweza; ukitandika jamvi shuleni saa hizo utakaa na mwalimu wa zamu. Ama nenda siku za maji mafu, ama siku ya bamvua tandika ufukweni kabisa uwasubiri wanaporudi na pweza mkononi, ufungue ukurasa wa pweza. Hiyo ya pili ni tamu zaidi ila lazima uwe na turubai la kukalia maana kila mtu amelowa. Wakati wa kusi wavuvi wengi hukaa nchi kavu, na ndio msimu wangu wa wasomaji wazima. Watoto nao wana saa zao za chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo muulize ustadhi kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote. Akikupa saa, hiyo ndiyo saa.

Ukishasema siku, usiivunje. Nilijifunza hilo kwa kusoma habari za maktaba ya ngamia ya Garissa, iliyoanza mwaka 1996 kuwapelekea vitabu watu wanaohama na mifugo: anayehama anahitaji kujua utakuwa wapi lini. Nilivunja ahadi mara moja tu, sababu ya tuktuk kuharibika, na ziara iliyofuata nilipata watoto watano pale nilipozoea kupata arobaini. Siku hizi nikikwama natafuta bodaboda, napeleka vitabu kumi kwenye mkoba.

Ruhusa haichukui muda ukienda mwenyewe na ukaanzia chini: mzee wa kijiji, chifu, mwalimu mkuu, na kamati ya BMU, ile ya usimamizi wa ufuo na uvuvi, kama utakaa bandarini. Usimtume mtu barua.

Hewa ya pwani inakula vitabu. Chumvi na unyevu vinaleta ukungu ndani ya wiki chache za masika, na mende wanapenda gamu ya jalada. Ninachofanya ni hiki: kila kitabu nimekivika plastiki ngumu, kila sanduku lina vifuko vya kitambaa vyenye mkaa mkavu wa kuvuta unyevu na majani makavu ya mwarobaini, na kila wiki mbili vitabu vinasimamishwa wazi kivulini penye upepo. Usivianike juani, jalada linajikunja na picha zinafifia. Kitabu kikiloa maji ya bahari, kisuuze kwa maji baridi ya bomba kabla hakijakauka, maana chumvi ikibaki itakuwa inavuta unyevu kila siku. Nimeokoa viwili hivyo. Kilichoota ukungu kitenge na wenzake siku hiyohiyo hata kama kinakuuma.

Kuhusu kuazima, ruhusu. Nilikataa kwa miezi mitatu nikiogopa wizi, na nilikosea. Daftari moja, jina la mtoto na la mzazi, kitabu kimoja, mpaka ziara ijayo, bila faini. Vinavyochelewa mara nyingi vimechelewa kwa sababu baba bado anakisoma. Vinavyopotea vipo, na vingi ni vya nyoka na vya samaki, yaani vile vilivyopendwa. Nimeweka akiba ya nakala za pili kwa ajili ya hivyo tu.

Ukitafuta vitabu, waulize kwanza walimu wastaafu waliolea vilabu vya wanyamapori shuleni. Wildlife Clubs of Kenya ilianza mwaka 1968, na jarida lake la Komba limehifadhiwa katika kabati nyingi za watu ambao wangefurahi kulitoa. Ni la hapa, wanyama wake ni wa hapa. Gharama kubwa utakayoiona ni nauli, hivyo vijiji vitatu vilivyo kwenye barabara moja ni bora kuliko vitano vilivyotawanyika. Darubini moja iliyofungwa kamba shingoni inatosha watoto kumi, wakipokezana.

Masika yakichacha tuktuk haipiti, na kwa wiki kadhaa siwezi kuzunguka. Zamani nilirudisha masanduku nyumbani. Sasa nayaacha, moja kwa mama mmoja wa Gazi anayeuza vitumbua, jingine kwa fundi wa mashua, pamoja na daftari, penseli na gamu. Mwaka jana nilipoyafuata mvua zilipokatika, kitabu cha mikoko kilikuwa kimenenepa hadi hakifungiki kwa vikaratasi vipya. Kwenye ukurasa wa kaa mwenye gando moja kubwa palikuwa na vinne, kwa miandiko minne, na cha mwisho kilikuwa kimebandikwa kichwa chini.