Dodoso lilisema hawatachanja, kisha wakachanja: nishike lipi?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya Kanda ya Ziwa, na sasa nasoma shahada ya uzamili. Aprili 2021, kabla chanjo ya UVIKO-19 haijafika nchini, tuligawa dodoso kwa wafanyakazi wote tukiuliza: "Chanjo ikija, utachanja?" Wengi waliandika hapana au sijui. Lakini rejesta ya mwisho wa mwaka inaonyesha wengi walichanja. Msimamizi wangu anasema watu walidanganya, dodoso nilitupe. Mimi naona kuna jambo humo ndani. Nizitumie vipi takwimu hizi? Na je, niandike kwamba wafanyakazi wetu walikuwa wanapinga chanjo? Fomu hazina majina, zina kada, jinsia, umri, idara na tarehe tu.

JIBU

Marahaba, Sista. Usizitupe. Dodoso lako lilipima nia na rejesta ikapima tendo, na kilichotokea kati ya Aprili na Desemba ndicho utafiti wako wenyewe. Majibu yanaweza kutofautiana bila mtu yeyote kudanganya.

Kumbuka Aprili ile ilivyokuwa. Januari 27, 2021, Rais Magufuli akiwa Chato alitilia shaka chanjo hizi hadharani, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kwamba haina mpango wa kuzipokea. Machi 17 Rais akafariki. Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, ikatoa mapendekezo yake Mei. Dozi za kwanza, 1,058,400 za Johnson & Johnson, zilitua Dar es Salaam Julai 24 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na Julai 28 Rais mwenyewe akachanjwa watu wote wakiona. Sasa mtazame aliyejaza fomu yako. Ni mtumishi wa umma, anaulizwa kazini kwake juu ya jambo ambalo miezi mitatu tu nyuma mwajiri wake alikuwa amelikataa. "Hapana" yake ilikuwa na sababu nyingi za kuandikwa. Na hata aliyetaka kusema kweli tupu, angesema nini? Chanjo ipi? Dozi ngapi? Ya kulipia au bure? "Sijui" huenda ndilo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote katika rundo hilo.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: tenganisha "hapana" na "sijui". Watafiti wengi huyajumlisha ili wapate kundi moja la wanaosita, na hapo ndipo uchambuzi unapoharibika. Aliyesema hapana na aliyesema sijui wanahitaji mambo tofauti kabisa, na kwa kawaida wa pili ndiye anayehama kwanza chanjo ikishafika mlangoni.

Hilo la wafanyakazi wa afya kusita halikuanza na UVIKO, wala si letu peke yetu. Mwaka 2009 watafiti wa Hong Kong waliwauliza wafanyakazi wa hospitali za umma kama wangekubali chanjo ya mafua ya ndege, H5N1, kabla ya janga. Waliokubali walikuwa asilimia 28.4 tu. Walipoulizwa juu ya chanjo ya H1N1, mafua ya nguruwe, Shirika la Afya Duniani likiwa limeshapandisha tahadhari hadi daraja la 5, waliokubali walifika asilimia 47.9. Na hii ni Hong Kong, mji ambao SARS, homa kali ya mapafu ya 2003, iliwaambukiza wafanyakazi wa afya 386 kati ya wagonjwa 1,755! Waliokataa walitaja zaidi hofu ya madhara na shaka kama chanjo inafanya kazi. Hawakuwa watu wasioujua ugonjwa. Kwa hiyo usishangae, na usiandike kwa lugha ya kushangaa, kwamba "hata wataalamu" walisita.

Kikundi cha washauri wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 kilieleza kusita kwa mambo matatu: imani kwa chanjo na kwa wanaoileta, kuona au kutoona kwamba ugonjwa ni hatari kwako, na urahisi wa kuipata. Tumia mgawanyo huo kusoma maelezo yoyote ya pembeni ambayo watu waliandika kwenye fomu. Urahisi hudharauliwa sana tunapozungumzia watu wa hospitali, kana kwamba kila aliye hospitalini yuko karibu na sindano. Chanjo inatolewa asubuhi, wewe uko zamu ya usiku wiki nzima na wodi ina muuguzi mmoja. Siku ya kwanza unapata maudhi, homa na mwili kuuma, na hakuna wa kukushikia zamu. Mtu wa namna hii anaweza kuonekana kwenye rejesta kama mpinzani, kumbe amekosa siku ya kulala.

Halafu njoo kwenye kada. Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu, maana swali lako linasema "wafanyakazi wetu" kama vile hospitali ni mtu mmoja. Daktari, muuguzi, mtu wa maabara, mhudumu wa wodi, mfagizi, mlinzi wa getini, dobi na wa mochwari wote wako kwenye orodha ya mishahara, lakini hawakupata habari moja. Daktari aliweza kusoma matokeo ya majaribio. Mlinzi alipata ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliosambazwa mara elfu, na hakuna aliyemwita kwenye kikao cha mafunzo. Ukichambua kwa kada unaweza kukuta kwamba wastani wa hospitali nzima umeficha makundi mawili yasiyofanana.

Kwa wauguzi, angalia pia umri na jinsia kwa pamoja. Uvumi wa ugumba ulikuwa mkubwa, na wauguzi wetu wengi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wengi huuita ujinga. Mimi sikubali, kwa sababu majaribio makubwa ya mwanzo hayakuwaingiza wajawazito, na miongozo ya kwanza juu yao ilikuwa ya tahadhari mno. Muuguzi aliyeuliza "mbona hamna majibu kuhusu sisi?" alikuwa anauliza swali la kisayansi. Uvumi uliota palepale ambapo jibu lilikosekana. Vivyo hivyo hoja ya "imetengenezwa haraka mno": ilikuwa na jibu zuri, kwamba teknolojia ya Johnson & Johnson ilikuwa imeshatumika kwenye chanjo yake ya Ebola, iliyoanza kutolewa Goma, Kongo, Novemba 2019. Ni majirani zetu, ng'ambo ya mpaka tu. Ni wafanyakazi wangapi wa hospitali yako waliwahi kuambiwa hivyo? Waulize.

Tarehe za fomu nazo ni mali. Kenya ilizindua chanjo ya AstraZeneca Machi 5, 2021. Haikupita hata wiki mbili, nchi kadhaa za Ulaya zikaisimamisha kwa muda kwa sababu ya taarifa za damu kuganda. Kongo, iliyokuwa imepokea dozi milioni 1.7 Machi 2, ikaahirisha na kuanza Aprili 19. Muuguzi wa Mombasa aliyehojiwa Machi 6 na mwenzake aliyehojiwa Machi 18 wanajibu swali lilelile katika dunia mbili. Chora mstari wa matukio, uweke fomu zako juu yake.

Upande wa rejesta, usifanye kosa la kinyume, la kudhani kila aliyechanja aliikubali. Italia ililazimisha chanjo kwa wafanyakazi wa afya kwa amri ya Aprili 1, 2021. Uingereza iliwalazimisha wa nyumba za kulelea wazee kuanzia Novemba 11, 2021, ikapanga kuongeza wa hospitali Aprili 2022, kisha ikafuta mpango huo. Takwimu za uchanjaji mahali pa namna hiyo zinapima sheria pamoja na mtazamo. Kwetu chanjo ilikuwa ya hiari, lakini wapo waliochanja kwa kuhitaji cheti cha safari, na wapo waliochanja kwa sababu mganga mfawidhi alichanja wakiwa wamesimama nyuma yake. Wapo pia waliochanja wao na bado hawamshauri mgonjwa achanje. Huo ni mtazamo wa tatu, na kwa mgonjwa ndio wenye uzito, maana swali lake la kwanza ni "Sista, wewe umechanja?"

Sasa hesabu zenyewe. Kwa kuwa fomu hazina majina wala namba za siri, huwezi kumfuata mtu mmoja kutoka Aprili hadi Desemba, kwa hiyo kipimo cha McNemar, kinacholinganisha majibu mawili ya mtu yuleyule, hakikuhusu. Ukitumia kai-mraba, kipimo cha kulinganisha asilimia za makundi, kati ya Aprili na Desemba, ujue kwamba kinadai makundi yasiyoingiliana, na yako yanaingiliana, kwa sababu wengi ni walewale. Ningekushauri uwasilishe asilimia kwa kila kada, Aprili na Desemba sambamba, uzieleze bila kulazimisha thamani ya p, yaani namba ya kuonyesha kama tofauti imezidi ile ya bahati tu. Kai-mraba kitumie ndani ya Aprili pekee, kulinganisha kada na kada. Andika wazi wafanyakazi walikuwa wangapi kwenye orodha, wangapi walirudisha fomu, na wangapi walihama au kuajiriwa katikati. Asiyerudisha fomu naye ana mtazamo.

Pungufu la data zako ni "kwa nini", na hilo utalipata kwa mahojiano ya sasa na watu wachache wa kila kada. Kumbukumbu husahihisha historia, na leo wengi watasema walikuwa tayari tangu mwanzo. Basi usiwaulize walifikiri nini. Waulize walichanja lini, walikuwa na nani, nani waliongea naye siku ile. Waulize pia kama wamekamilisha dozi tatu za homa ya ini B. Aliyezikamilisha kwa hiari yake na akakataa ya UVIKO hapingi chanjo kwa jumla, ana neno na ile moja.

Kwa hiyo kwenye ripoti usiandike "walipinga". Andika kwamba Aprili 2021 wengi hawakuwa na nia ya kuchanja au hawakuwa na uamuzi, kisha utaje hali ya wakati huo kwa tarehe zake.

La mwisho ni la usiri. Fomu bila jina bado inaweza kumtaja mtu. Kama mochwari yenu ina mfanyakazi mmoja mwanaume mwenye miaka zaidi ya 50, jedwali la idara, jinsia na umri limeshamweka hadharani. Unganisha idara ndogo kabla hujachora jedwali, na kabla ya mahojiano pata kibali cha maadili cha chuo chako au cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fomu za 2021 zitaje kwenye ombi hilo kama takwimu za zamani, ueleze zilikusanywa kwa ruhusa ya nani.