Muulize Anko Sinema: Wakikata hela ya filamu nani anaumia kwanza?

Swali: Shikamoo Anko. Mi nipo Igoma hapa Mwanza, nafanya soundi kwenye filamu za mtaani, na harusi zikitokea sikatai. Kuna klipu inazunguka kwenye grupu letu la WhatsApp, watu wa filamu wa Argentina wanaandamana nje ya jumba la sinema sababu serikali yao imekata hela. Mjomba wangu kaiona akacheka, anasema filamu ikishindwa kujilipa acha ife, mbona wauza sangara hawabebwi na serikali. Nikakosa jibu. Kwani wenzetu serikali inalipiaje filamu, na ikikata inakuwaje? Na sisi inatuhusu nini wakati hatujawahi kupewa hata shilingi? *Soundi wa Igoma*

Jibu: Marahaba mwanangu. Ngoja nianze na mjomba, maana watu wa ziwa tunapenda kujiona tumejifuga wenyewe. Mwambie sangara hakuja Ziwa Victoria kwa nauli yake, alipandikizwa miaka ya 1950 enzi za wakoloni, alafu wavuvi wana chuo pale Nyegezi, wana watafiti wa TAFIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi, na boti na vizimba vimegawiwa hapa hapa Mwanza kwa mkopo usio na riba. Yote hiyo hela ya umma. Mi siioni shida, uvuvi unalisha watu, ila asituambie samaki anajilipa mwenyewe.

Sasa Argentina. Wana taasisi ya serikali ya filamu inaitwa INCAA na kitu ambacho klipu haikwambii ni kwamba hela yake sio ile ya dawa za hospitali. Sheria yao inakata asilimia 10 ya kila tiketi ya sinema, picha iwe ya Hollywood au ya nyumbani, na fungu lingine linatoka kwenye makato ya televisheni na redio. Yani mtu akienda kuangalia picha ya Marekani pale Buenos Aires anamchangia kijana wa kwao anayetaka kushuti ya kwanza. Ilipofika 2024 serikali ya Javier Milei ikasimamisha misaada, ikapunguza wafanyakazi, ndo watu wakajaa nje ya sinema ya Gaumont. Serikali inasema bajeti imebana na kuna filamu zinalipiwa hazina watazamaji. Hiyo ya pili ina ukweli wake, zipo zilizoonwa na ukoo wa dairekta basi, lakini dawa yake ni kuchagua skripti vizuri, sio kufunga duka zima.

Brazil walishapita huko. Mwaka 1990 Rais Collor kaingia tu madarakani, akaifuta Embrafilme, kampuni ya serikali iliyokuwepo tangu 1969 ikilipia na kusambaza filamu, na utengenezaji ukaporomoka, nchi kubwa vile ikawa inatoa filamu za kuhesabu kwa vidole. Ikabidi 1993 watunge sheria ya kuwapunguzia kodi wanaowekeza kwenye filamu, na 2001 wakaunda chombo kipya, Ancine.

Uingereza ndo watu wanapachanganya. Julai 2010 walitangaza wanaifuta UK Film Council, ofisi ya umma iliyokuwa inagawa hela za filamu, ikafungwa mwisho wa Machi 2011, ila hela ya bahati nasibu ya taifa iliyokuwa inapita pale ikahamishiwa BFI, taasisi nyingine ya filamu ya huko huko. Ofisi ilikufa, bomba halikufungwa. Kichekesho ni kwamba mwezi mmoja kabla ya kufungwa, The King's Speech, ambayo ofisi hiyo hiyo iliitia hela, ikabeba Oscar ya filamu bora. Kwa hiyo ukisikia wamekata, uliza kwanza wamekata ofisi au wamekata hela.

Na anayeumia kwanza sio stelingi, stelingi ana matangazo ya soda. Unaumia wewe. Unajua mwenyewe ukishuti pale Mwaloni Kirumba alfajiri dagaa wanaposhushwa, upepo wa ziwa unagonga maiki, injini za mitumbwi hazikauki, mama wa dagaa anaita wateja, na wewe umeinua fimbo ya maiki mikono inatetemeka unasubiri ukimya kidogo tu ili mstari mmoja wa mazungumzo ushike. Prodyuza mwenye bajeti atakupa siku ya pili urudie. Asiye nayo atasema tutarekebisha kwenye kuediti, na wote tunajua hairekebishiki, inapigwa muziki juu yake. Ruzuku ndo inalipia hiyo siku ya pili, na mpiga soundi akikosa siku za namna hiyo anahamia harusi moja kwa moja, harudi.

Alafu sio kweli kwamba hatujawahi. Mwaka 1968 serikali iliunda Tanzania Film Company, ikawa inaingiza na kusambaza filamu na kutengeneza za kwake, miaka ya 1990 ikaondoka kwenye wimbi lile lile lililoondoka na mashirika mengi ya umma. Sasa hivi tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unatoa mikopo kupitia benki. Kwa mwenye studio au anayekodisha kamera unafaa kabisa. Ila mkopo unarudishwa filamu ikiuza isiuze, na kijana wa Ukerewe anayetaka kushuti filamu yake ya kwanza kwa Kikerewe, benki itamuuliza kiwanja kiko wapi.

Mi ningeulizwa nisingeomba hela ya bajeti, maana mambo yakibana sanaa ndo inanyolewa mwanzo. Ningeangalia Ufaransa. CNC, taasisi yao ya serikali ya filamu, ipo tangu 1946, inachukua asilimia 10.72 ya tiketi na inakata pia vituo vya televisheni na wauza video mtandaoni. Kwetu majumba ya sinema ni machache, watu wapo kwenye king'amuzi, kwenye simu na kibanda umiza, kwa hiyo fungu litoke kwa kampuni za ving'amuzi na za kustrimu. Najua ukitaja tozo Mtanzania anashika simu yake kwa mikono miwili, ile ya miamala ya 2021 hatujaisahau. Ndo maana nasema ikatwe kwa kampuni, sio kwenye bando la mwananchi, na sheria itaje hela inaingia wapi na nani anasoma skripti. Argentina walikuwa na sheria na bado bomba likabanwa, sawa, lakini wale wa nje ya Gaumont walikuwa na kitu cha kudai. Sisi leo tukiandamana tutadai nini?

Swali: Anko mi naona bora kujitegemea. Hela ya serikali si utaimba sifa mpaka sauti ikauke? *Dada wa Sengerema*

Jibu: Dada yangu hofu yako naielewa, ila kujitegemea hakukuvushi. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 inataka kibali na ukaguzi wa Bodi ya Filamu, uwe umepewa hela au umeuza ng'ombe wa baba. Cha kupigania ni kwamba anayegawa hela asiwe yule yule anayekagua, na majina ya wanaochagua skripti yabandikwe hadharani. Ukiona kamati haina hata jina moja la mtu, pita kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usajili skripti yako, ndo uipeleke.